Pikapu ya Turffontein: Ekzosi Ipi, na kwa Injini Gani?

Turffontein, kusini mwa Johannesburg, farasi wanashindanishwa tangu 1887. Vijana wa hapa wanabishania farasi wa chini ya boneti: bakkie, kama wanavyoiita pikapu, ipi ina nguvu zaidi, na ifungwe ekzosi gani?

Tuanze na hewa, maana wengi huisahau. Johannesburg ipo takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Hilux ya lita 2.0, iliyoandikwa kilowati 102, hapa hubaki na kama 85. Ndugu yake wa dizeli, lita 2.8 yenye tabo, kilowati 150, haumii sana, kwa kuwa tabo humsukumia hewa. Ford Ranger ya tabo mbili ni 154. Ukibeba saruji hutaiona tofauti hiyo.

Sasa ekzosi. Kwenye petroli ile, bomba pana halirudishi hewa iliyokosekana. Umenunua ngurumo tu, na majirani wanalala. Kwenye dizeli ya tabo husaidia kidogo, hasa kipande kinachotoka kwenye tabo yenyewe. Fundi akijitolea kukung'olea masega bure, kataa: ndani yana platinamu, na atakayeiuza ni yeye. Sailensa nayo ibaki, sheria inaitaka.

Mwenye Hilux ya petroli na akiba ndogo tungemwambia abadilishe plagi na kichujio cha hewa, pesa inayobaki anunulie matairi.