Mashine ya Kikundi Isijulikane na Mtu Mmoja

Tumeulizwa swali na vikundi vya hapa Kiuu: kompyuta moja ikiwekwa kutunza hesabu za watu wengi, ni nani ataichunga? Swali hili ni zito, kwa sababu ndani ya mashine hiyo mna jasho la watu.

Kompyuta inayohudumia kompyuta zingine huitwa seva. Si lazima iwe kubwa. Hata kompyuta kuukuu yaweza kufaa ikiwekewa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, na ambao hupatikana bure. Mara nyingi seva haina picha za kubofya. Kuna skrini nyeusi tu; unaandika amri, nayo inajibu. Wengi wakiiona hurudi nyuma, ati hiyo ni kazi ya wasomi. Lakini hebu fikiri: ukitaka kujua salio la simu ya Safaricom unapiga *144# na unajibiwa. Hapo umeandika amri, si basi?

Tuwaeleze lililotufanya tuandike. Kikundi kimoja kilikuwa na kijana aliyeijua mashine yao vizuri. Akapata kazi Qatar, akaenda. Mashine ikaendelea kuwaka, na hakuna aliyeijali. Baada ya miezi kadhaa mweka hazina akaona michango ya wiki tatu haimo. Diski ilikuwa imejaa, programu ya hesabu ikakosa mahali pa kuandika. Risiti za karatasi zilikuwepo, kwa hivyo waliketi siku mbili wakaandika upya. Lakini mama mmoja alikuwa amepoteza risiti yake, na hadi leo neno hilo halijaisha vizuri.

Amri moja ingewaonya: df -h. Hiyo huonyesha kila diski imejaa asilimia ngapi. Ikifika 90, msingoje. Andikeni sudo du -sh /var/log, muone kumbukumbu za mashine yenyewe zimekula nafasi kiasi gani, maana hizo huvimba kimya kimya. Neno sudo lina maana kwamba unatenda kwa mamlaka ya msimamizi. Utaulizwa neno la siri, na ukiliandika herufi hazitaonekana. Usishtuke, kibodi haijakufa. Na tafadhali, msiwe na haraka ya kufuta. Amri ya rm haina pipa la taka la kurudia, kilichofutwa kimeenda.

Kila baada ya mkutano, wekeni nakala ya hesabu kwenye flashi: rsync -a hazina/ /mnt/flashi/hazina/. Muwe na flashi mbili, mzitumie kwa zamu. Kwa nini mbili? Kwa sababu faili ikiharibika leo, nakala ya leo nayo itakuwa mbovu, lakini ya mkutano uliopita bado ni nzima. Kabla ya kuchomoa andikeni sudo umount /mnt/flashi, la sivyo huenda sehemu ya kazi haijafika huko. Kisha, mara moja kwa mwezi, fungueni nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine mlinganishe jumla na daftari. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa sisi hatuihesabu kuwa nakala.

Tena kuna shida ya stima. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Mashine ikizimika ghafla katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika. Mkiwa na betri ya akiba, dakika zile chache ni za kuandika sudo shutdown -h now, si za kumalizia kazi.

Tunashauri watu wawili au watatu wajue amri hizi, na zibandikwe ndani ya jalada la daftari la katibu. Neno la siri lisiandikwe hapo. Na mtu akiondoka, hata akiwa mwaminifu namna gani, fungeni neno lake la siri siku hiyo kwa sudo usermod -L na jina lake la mashine. Si kwamba mnamshuku. Majina na nambari za vitambulisho vya wanachama ni amana, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayezitunza azilinde.