Kuchagua Sehemu za Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Chache

Bila shaka umekwisha kuona kompyuta, kama si shuleni basi katika ofisi ya kata au katika duka la kutolea nakala. Kwa nje, kompyuta ya mezani ni kasha tu lenye waya nyuma yake. Likifunguliwa utaona kwamba si kitu kimoja. Ni sehemu kadhaa zilizotengenezwa katika viwanda mbalimbali, kisha zikaunganishwa kwa bisibisi. Kwa hiyo mtu aweza kununua sehemu moja moja na kuunda kompyuta yake mwenyewe.

Tuseme vijana watatu wa Ruponda, katika Wilaya ya Nachingwea, wamepata fedha baada ya korosho za wazazi wao kuuzwa mnadani. Wanataka kuunda kompyuta ya kuchezea michezo, kama mpira wa miguu na mbio za magari. Fedha zao ni chache, na zikishatumika hawatapata nyingine mpaka msimu ujao. Dar es Salaam, ambako sehemu nyingi huuzwa, ni safari ya zaidi ya kilometa 500. Wakinunua sehemu isiyofaa, kuirudisha ni taabu. Je, wachague namna gani?

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Picha za mchezo hazisogei kweli. Kompyuta huchora picha iliyosimama, ikaifuta, ikachora nyingine, upesi sana hata macho yetu hudhani kwamba mchezaji anakimbia. Ili mchezo uonekane laini, picha 60 huchorwa kila sekunde. Kila picha imefanywa kwa vitone vidogo. Skrini ya kawaida ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu. Zidisha, utapata vitone 2,073,600. Zidisha tena kwa 60, utapata vitone 124,416,000 katika sekunde moja! Mtu anayeandika barua hahitaji kazi kubwa namna hiyo, kwa maana ukurasa wake hubadilika polepole. Ndiyo sababu kompyuta inayofaa sana ofisini yaweza kushindwa katika mchezo.

Sasa tuzitazame sehemu zinazofanya kazi hiyo. Kichakataji hufanya hesabu: mpira umepigwa kwa nguvu gani, utaangukia wapi. Kadi ya michoro hupokea majibu hayo na kuchora vitone. Diski ni kama ghala la korosho. Vitu vilivyomo hubaki hata umeme ukikatika. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, ni kama jamvi la kuchambulia. Korosho hutolewa ghalani, zikamwagwa jamvini, zikachambuliwa. Jamvi likiwa dogo, mchambuaji atakwenda ghalani mara nyingi na kazi itachelewa. Umeme ukikatika, jamvi lote huwa tupu. Sehemu hizi zote hushikamana juu ya bamba liitwalo ubaomama, na hulishwa na kigavi umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

Fanya jaribio hili. Chukua chupa yenye shingo nyembamba na kopo lenye mdomo mpana, vyote vya ujazo ulio sawa. Vijaze maji, kisha uvipindue juu ya ndoo kwa wakati mmoja. Kipi kimekwisha maji kwanza? Chupa ina tumbo pana, lakini tumbo hilo halikuisaidia, kwa kuwa maji yote hupita shingoni.

Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Vijana wetu wakitoa karibu fedha zote kwa kichakataji cha bei kubwa, kisha wakanunua kadi dhaifu ya michoro, kichakataji kitamaliza hesabu na kuingoja kadi. Fedha zao zimekaa bure katika tumbo la chupa.

Nachingwea iliwahi kuona kosa la jinsi hii kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya Vita Kuu ya Pili, na mengi yaliharibika upesi. Tena mashamba ya kusini yalipangwa kabla ya kuwapo bandari na reli ya kuyahudumia. Mradi uliachwa mwaka 1951. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo. Waulize wazee wa kwenu wamesimuliwa nini juu ya habari hiyo.

Turudi kwa vijana wetu. Wagawe fedha zao katika mafungu kumi. Katika kompyuta ya michezo ni vema mafungu matatu au manne yaende kwa kadi ya michoro, na mawili kwa kichakataji. Yanayobaki yagawanywe kati ya ubaomama, ramu, diski, kigavi na kasha. Kasha la kioo lenye taa za rangi halichori hata kitone kimoja, waachane nalo.

Kama mafungu hayatoshi, iko njia nyingine. Vichakataji vingine vina kichoraji kidogo ndani yake. Kompyuta yaweza kuanza bila kadi, ikacheza michezo myepesi, na kadi ikanunuliwa msimu ujao. Hapo wanunue vipande viwili vya ramu vilivyo sawa badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu kichoraji hicho hutumia ramu hiyo hiyo, na vipande viwili hupitisha habari kwa wakati mmoja. Waangalie pia kama vinaingia. Ramu ya aina ya DDR4 haiwezi kukaa katika nafasi ya DDR5, kwani pengo lake limekatwa mahali pengine. Kichakataji nacho huingia katika kikalio chake tu.

Wengine hununua kompyuta ndogo zilizokwisha kutumika maofisini, kisha huongeza kadi ya michoro. Ni njia nzuri na ya bei nafuu, lakini ina mtego. Vigavi vya kompyuta hizo mara nyingi ni vidogo, na vingine vina umbo lao peke yao, hata huwezi kuvibadilisha kwa urahisi. Kadi itakayowekwa humo isizidi wati 75, ambazo ndizo inazoweza kupewa na ubaomama, tena iwe fupi ya kuenea ndani ya kasha.

Kigavi chenyewe kinataka maelezo zaidi. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Kigavi huugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3. Kikiharibika, chaweza kuziharibu na sehemu nyingine. Katika shule moja niliyofundisha, kigavi cha bei rahisi kiliungua siku ya pili, kikaondoka na ubaomama. Tangu hapo mimi husoma kibandiko kwanza, bei baadaye. Usidanganywe na wati zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa. Tafuta palipoandikwa volti 12, uone ampea zake, kisha uzidishe. Kigavi kilichoandikwa wati 500, lakini chenye ampea 18 tu katika volti 12, hutoa wati 216 hapo, na hapo ndipo kichakataji na kadi hula.

Wati zinazoliwa hugeuka kuwa joto. Kwa nini sufuria hutengenezwa kwa alumini, na mwiko kwa mti? Alumini hupitisha joto upesi. Kwa hiyo juu ya kichakataji huwekwa bamba la alumini lenye mapezi mengi, na feni hupuliza hewa kati yake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Ruponda huingia kasini na kuziba mapezi hayo. Kompyuta ikizidi kupata moto hupunguza mwendo wake yenyewe, hata mwenyewe akadhani kwamba alinunua kichakataji kibovu. Kasha liwekwe juu ya meza, si sakafuni, na lisafishwe kwa brashi laini baada ya kuchomoa waya wa umeme.

Zoezi

Kichakataji kinatumia wati 65, kadi ya michoro wati 75, na sehemu nyingine wati 50. Duka lina vigavi viwili. Cha kwanza kimeandikwa wati 500 na kina ampea 15 katika volti 12. Cha pili kimeandikwa wati 400 na kina ampea 30 katika volti 12. Vijana wachukue kipi? Onyesha hesabu yako, kisha umweleze jirani yako sababu.