Stairofomu, Printa Mbovu na Puli ya Kahawa

Puli ya mashine ya kumenyea kahawa ikipasuka katikati ya mavuno huko Umatengo, wilayani Mbinga, mkulima hana muda wa kusubiri. Matunda mabivu yakilala bila kumenywa huanza kuchacha, na ubora wa kahawa unaharibika. Spea husakwa Mbinga mjini, kisha Songea, na ikikosekana kote huko inaagizwa Dar es Salaam.

Kusubu alumini si kazi ngeni nchini. Sufuria nzito zinazotokana na vyuma chakavu zimejaa masokoni, na fundi anayezitengeneza anaweza pia kusubu puli. Kinachomkwamisha ni umbo la kufukia mchangani ili litoe kalibu sahihi. Mwaka 1958 Mmarekani Harold Shroyer alipata hataza ya njia ya mkato: umbo linachongwa kwa stairofomu, linafukiwa, na chuma kilichoyeyuka kinamiminwa juu yake. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, kwa hiyo stairofomu hutoweka papo hapo na chuma hushika nafasi yake. Umbo lizidishwe kidogo, kwani alumini ikipoa husinyaa kwa zaidi kidogo ya asilimia 1.

Kuna mashine inayoweza kuchonga umbo hilo kwa kufuata mchoro wa kompyuta, nayo inaundwa kwa vitu vya stoo. Printa mbovu hutoa nondo laini, mikanda na mota za hatua. Umeme wa volti 12 unatoka kwenye kompyuta iliyokufa. Mwaka 2013 Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alitumia takataka za aina hiyo kuunda printa ya 3D, na Dar es Salaam kikundi cha STICLab nacho kikaunda za kwake. Mwendo ni uleule: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Badala ya kichwa cha kuchapia, hapa panafungwa mota ndogo yenye biti. Ubongo wake ni kibao cha Arduino chenye programu ya bure iitwayo Grbl.

Wengi hukosea kwenye mwendo. Mafundi hupenda nondo ya thredi ya milimita 8 kwa sababu ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini mzunguko wake mmoja husogeza biti milimita 1.25 tu. Kwa mizunguko 300 kwa dakika, hiyo ni milimita 375. Biti inayozunguka kasi huku ikijikokota hivyo haikati stairofomu, inaichoma, na kingo zinabaki zimeyeyuka na kunata. Puli ya meno 20 yenye mkanda wa milimita 2 kwa jino husogea milimita 40 kwa mzunguko, na mota ya hatua 200 inaugawa mzunguko huo katika vipande vya milimita 0.2. Kwa puli ya kahawa usahihi huo unatosha. Tundu la ekseli litamaliziwa kwenye mashine ya kukerezea. Na kwa kuwa stairofomu ni hewa kwa takriban asilimia 98, haiipi fremu shida: plaiwudi inatosha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine husahau ilipokuwa. Swichi ndogo kwenye pembe ya kuanzia, zinazotolewa humohumo kwenye printa, huirudisha sifuri.

Mchanga wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay au Liuli, unavutia kwa kalibu, ila ukaushwe juu ya moto kwanza. Unyevu ukikutana na alumini ya moto hugeuka mvuke ghafla na kurusha chuma usoni mwa fundi. Moshi wa stairofomu nao una sumu, hivyo kusubu kufanyike nje, upepo ukitoka mgongoni.

Mashine hii haitachonga mninga wala chuma, na anayeijaribu huko ataivunja. Kwa karakana inayosubu alumini, hata hivyo, inafaa kuundwa kabla ya kufikiria ya dukani.