Mnyama wa Nyumbani: Raha Yake na Haki Yake



Akina mama kadhaa huuliza swali moja kwa njia mbalimbali: je, kumfuga mnyama asiyetoa maziwa wala yai, kwa kupendezwa naye tu, kuna faida, au ni upuuzi wa watu wenye nafasi? Sisi wa pwani, ambao paka wamejaa mitaani mwetu tangu Lamu hadi Vanga, tungeweza kujibu kwa kuwatazama hao hao. Lakini naona jibu lililo wazi zaidi liko mbali na bahari, katika nchi ya Turkana, baina ya Lodwar na Kakuma. Huko mapenzi ya mtu kwa mnyama yamedhihirisha manufaa yake, na madhara yake pia.

Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai mmoja aliyemchagua katika kundi lake. Humtengeneza pembe zikue kwa umbo alipendalo, humwimbia, na yeye mwenyewe huitwa kwa jina litokanalo na rangi au umbo la maksai huyo. Mnyama huyu hakamuliwi wala hazai. Faida yake ni kwamba mwenyewe akimtazama moyo hutulia, na watu wakimwita kwa jina hilo hujiona ni mtu miongoni mwa watu.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, miongoni mwa waliotangulia kufika walikuwa vijana kutoka kusini mwa Sudan, wengi wao Wadinka, ambao nao wana ada kama hiyo ya maksai. Kwa miaka mingi wakimbizi hawakuruhusiwa kufuga ng'ombe hapo, kwa kuchelea ugomvi na wenyeji juu ya malisho na maji. Basi kijana akabaki na jina la maksai, na maksai hayupo. Mfugaji aliyepotewa na wanyama wake hakupoteza mali peke yake. Amepoteza cha kumwamsha alfajiri.

Dini yetu haikuyadharau mapenzi haya. Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na ndege mdogo akicheza naye. Ndege akafa, na Mtume (S.A.W.) alipomkuta mtoto amehuzunika alimuuliza habari za ndege wake kwa mzaha wa upole. Hakumwambia kwamba ndege ni kitu kidogo. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi, alitoa katika hadithi hiyo fupi mafunzo 60. Na kwa upande wa pili iko hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Anayetaka raha ya mnyama na akubali kwanza deni lake.

Matabibu nao wamelichungua jambo hili. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake, huko Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 92 wa moyo waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Katika 53 waliokuwa na wanyama nyumbani walikufa 3. Katika 39 wasiokuwa nao walikufa 11. Sisemi kwamba paka ni dawa ya moyo. Huenda mwenye nguvu za kufuga ndiye aliyekuwa mzima zaidi tangu mwanzo, na watafiti waliofuata hawakukubaliana wote. Hata hivyo, bibi mjane anayeishi peke yake, akiwa na kiumbe kinachomngoja kwa chakula, hupata sababu ya kuinuka kitandani.

Sasa tutazame madhara. Mbwa ni mwandani wa nyumba ya Kiturkana: hulinda mifugo, hulala karibu na watoto, na kwa kuwa maji ni haba, imekuwa desturi kumwacha alambe mtoto mchanga aliyejichafua. Msomaji asicheke. Mama anayetembea mwendo mrefu kwa dumu moja la maji anaijua thamani ya maji kuliko sisi.

Katika utumbo wa mbwa huweza kuishi tegu mdogo wa milimita chache tu. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ngamia yenye mifuko ya maji. Mayai ya tegu hutoka na kinyesi, hunata katika manyoya na ulimi, kisha huingia kinywani mwa mtu. Huota mfuko wa maji katika ini au pafu, ukakua polepole kwa miaka pasi na maumivu, hata tumbo livimbe. Turkana imehesabiwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani kwa maradhi haya. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango wa kuyadhibiti kaskazini-magharibi mwa Turkana: watu wakapimwa kwa ultrasaundi huko huko makwao, wagonjwa wakapasuliwa au kupewa dawa, mbwa wakadhibitiwa, na maradhi yakapungua.

Sisi Mashafi tumefundishwa kuosha alichokilamba mbwa mara saba, moja kwa udongo, na tumeruhusiwa mbwa wa mifugo, wa mawindo na wa shamba. Lakini wengi wetu wameshika hukumu ya mate wakasahau hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumtekea mbwa mwenye kiu maji ya kisima. Mbwa awe na mahali pake nje, apewe maji na dawa ya minyoo, na watoto wasimpige mawe.

Idi ya kuchinja ikifika, ini au pafu lenye mifuko ya maji lisitupiwe mbwa. Lichomwe, au lifukiwe katika shimo refu.

Paka si najisi, na aingie ndani. Kinyesi chake ni jambo jingine: huweza kubeba kijidudu kinachomdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mama mjamzito amwachie mwingine kazi ya kukizoa, na kizolewe kila siku. Na yeyote atakayeumwa na mbwa au paka aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, hata jeraha likiwa dogo.