Mlango wa gereji umeoza chini: si lazima kununua mpya

Kule Sake, Masisi-centre ama Walikale-centre, gereji mara nyingi si nyumba ya gari. Ni chumba cha mbao kando ya nyumba, pikipiki inalala humo pamoja na mifuko ya maharagwe na bidoni za mafuta. Mlango wake ukiharibika, mwenye pikipiki analala nusu usiku, masikio yako nje.

Kambi za kandokando ya Goma zilipoondolewa Februari 2025, familia nyingi za Masisi zilirudi kwao. Milango mingine ilikuwa imeng'olewa kabisa, hapo hakuna cha kutengeneza. Lakini mingi ilikuwa ingali imesimama, chini imeliwa na mvua. Huo ndio unaofaa kuokolewa.

Kuoza kunaanza chini kwa sababu maji yanaruka kutoka udongoni, na ncha za mbao zinayanywa kama utambi unavyokunywa mafuta. Choma ubao kwa ncha ya kisu. Kikiingia bila nguvu, pameoza. Panda juu polepole mpaka kisu kikatae, ongeza upana wa kiganja, piga mstari, kata. Kupigilia bati juu ya uozo ni kazi ya bure: maji yanajificha nyuma ya bati na kuendelea kula.

Ubao mpya unalazwa chini, kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine. Kiungo kikatwe kwa mteremko unaoelekea nje, ili maji yashuke nje yasiingie. Kwa ndani, ubao mwingine upigiliwe juu ya kiungo ushike mbao zote. Kati ya mlango na udongo acha vidole viwili.

Ubao gani? Masisi wengi wanatumia mkaratusi, na hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika. Mkaratusi uliopasuliwa jana unapinda na kupasuka kwenye msumari. Inaomba upangwe chini ya paa, vijiti kati ya ubao na ubao, mpaka ukauke, tena tundu litobolewe kwanza, dogo kuliko msumari. Walikale wako na miti migumu ya pori kama libuyu, lakini kule adui mwingine ni mchwa: nguzo za fremu zikae juu ya mawe, zisizikwe udongoni. Mafuta ya vidanji ambayo watu wanapaka yanapunguza maji, ni kweli, ila ni sumu. Yasipakwe upande wa ndani ambako maharagwe yanalala.

Kuna ugonjwa mwingine: mlango unaburuta. Watu wanaranda chini, baada ya mwezi unaburuta tena. Shida haiko chini, mlango umelala upande. Uinue kwa mti, kisha pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vikilingana, umesimama sawa. Sasa pigilia ubao wa mshazari kwa ndani, uanzie chini upande wa bawaba, upande hadi juu upande wa kufuli. Hivyo uzito wa mlango unashuka kwenye bawaba ya chini. Milango mingi imefungwa mshazari kinyume, na uzito wote unabaki kwenye misumari.

Tundu la skrubu lililolegea lizibwe kwa kijiti kikavu na gundi kabla ya kurudisha skrubu. Kwa mlango mzito, afadhali bolti inayopita ubao mzima, nati ikae ndani, ili mwizi asiifungue kwa nje.

Kisha, kabla ya kumlipa fundi, zunguka chumba ukisukuma mbao za ukuta moja moja kwa mkono. Mwizi akikuta ubao uliolegea huko nyuma, mlango hata hataugusa.