Pima Kwanza, Ndipo Ubadili

Betri ya volti 12 haibaki katika volti 12 daima. Inapochajiwa yaweza kufika 14.4, ikielemewa hushuka hata 10.5. Kifaa cha kupandisha na kushusha volti husawazisha tofauti hizo, redio ya nyumbani isidhurike. Huenda ndani yake mna vipande viwili vyeusi, cha kuingizia na cha kutolea umeme. Kila kimoja kimekusanya transista mbili, ya juu na ya chini, pamoja na kiendeshi chao. Kati yao hukaa koili.

Kipande kikiungua, wengi hununua kingine, nacho huungua papo hapo. Fedha za familia hupotea bure, kwani kilichoungua huenda kilikuwa majeruhi, si mkosaji.

Kwanza, ondoa betri na uhakikishe kapasita zimekwisha umeme. Fungua mguu mmoja wa koili, upande mmoja usisingiziwe kosa la mwenziwe. Kisha pima kila transista. Ikisoma karibu na sifuri pande zote, imekufa.

Pili, chunguza kapasita ndogo inayoiwezesha transista ya juu kufunguka. Ikiharibika, transista hufunguka nusu, huchemka, hufa.

Mwisho, rudisha koili, ondoa redio, nawe uwashe kupitia balbu ya gari ya wati 21. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, hitilafu ingalipo: zima, upime tena. Balbu itapokea pigo ambalo lingeangukia kipande kipya.