Kipunjabi Baada ya Saa za Shule: Funzo kwa Wazazi wa Wabera

Lugha isiyofundishwa shuleni mchana haina budi kufundishwa jioni, la sivyo itabaki kwa wazee, nao wakiondoka itaondoka nao. Jambo hili lawahusu sana wazazi wa Wabera, kata ya mji wa Isiolo yenye jina la Bwana Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya aliyeuawa mwezi wa Juni, 1963. Mjini humo Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru husikika katika soko moja. Lakini darasani, kwa kuwa makabila yamechanganyika, mtoto hukuta Kiswahili na Kiingereza.

Wako raia wengine wa Kenya walioshindana na shida hiyo kwa muda mrefu, nao ni Wapunjabi. Wazee wa wengi wao walikuja wakati wa kujenga reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliandikwa kazi huko Bara Hindi, wengi wao wakitoka Punjab. Karibu 2,500 walifariki, na wapatao 6,700 walibaki huku baada ya mikataba yao kwisha. Miongoni mwao walikuwamo Waislamu, Wahindu na Masingasinga, ambao watu wengi huwaita Kalasinga.

Wakati wa ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi. Mwaka 1957 ulianzishwa Nairobi mpango wa kuwafundisha watoto wa Kihindi kwa Kiingereza tangu mwanzo, maana katika darasa moja walikaa wasemaji wa Kigujarati, Kipunjabi na Kiurdu. Baadaye mpango huo ulienea hata katika shule za Waafrika. Kiingereza kilipata nguvu, na lugha za nyumbani zikasukumwa pembeni.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Kwa Masingasinga, mahali pa kuziba pengo hilo ni gurudwara, yaani nyumba yao ya ibada. Mtoto huenda huko jioni au mwisho wa juma, kama vile mtoto wa Kiislamu wa Isiolo aendavyo madrasa. Naye pia ana alifu kwa ujiti yake: herufi 35 za maandishi yaitwayo Gurmukhi, yaliyotengenezwa na Guru Angad, kiongozi wao wa pili, katika karne ya 16. Herufi hizo hupangwa tano tano kwa mstari, na watoto huzisoma pamoja kwa sauti hadi zikae moyoni. Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimeandikwa kwa herufi hizo. Asiyezijua hutegemea midomo ya wengine.

Ugumu mkubwa uko katika matamshi. Neno linalosikika kama "kora" huwa farasi likitamkwa kwa sauti ya chini, mjeledi kwa sauti iliyo sawa, na mkoma kwa sauti ya juu. Hilo halifunzwi na kitabu peke yake. Nyanya anayezungumza na wajukuu wake jikoni ndiye mwalimu bora. Kwa upande mwingine, mtoto ajuaye Kiswahili ana nafuu yake. Akisikia kitab, kalam, dunia na dukan, hahitaji mkalimani.

FAIDA YAKE

Wako wahofiao kwamba lugha ya nyumbani hudhoofisha mapenzi ya nchi. Na wamtazame Bwana Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kufika Kenya mwaka 1927. Alitunga mashairi kwa Kipunjabi, akaongoza vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1950 akadai uhuru hadharani. Kwa ajili hiyo alizuiliwa hadi mwaka 1961, kwa miaka kadhaa huko Lokitaung na Maralal. Kipunjabi hakikumzuia kuipenda Kenya. Mwaka 2017 Serikali iliwatambua Wahindi wa Kenya kuwa kabila la 44.

Wengine huuliza, "Lugha hiyo itampatia mtoto kazi gani?" Swali hili lina uzito, kwa maana saa za jioni ni chache, na mtoto ana masomo ya kurudia na maji ya kuteka. Huko Uingereza, walikohamia Wapunjabi wengi wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 na 1970, jibu moja ni mtihani. Kijana wa miaka kama 16 aweza kufanya mtihani wa Kipunjabi kama afanyavyo ule wa Kifaransa, na hati yake huheshimiwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu wapatao 291,000 wa Uingereza na Wales walisema Kipunjabi ndiyo lugha yao kubwa.

Mzazi wa Wabera ana kazi nyepesi kuliko hiyo. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu mwaka 1972, na Kiborana, Kiturkana na Kimeru huandikwa kwa herufi hizo hizo. Mtoto ajuaye kusoma Kiswahili hana herufi 35 mpya za kukariri. Kinachotakiwa ni chumba, ubao, mzee mwenye lugha, kijana mwenye kuandika, na saa mbili kila juma ambazo mzazi hatakubali zichukuliwe na kazi nyingine. Wazee wangali hai, na watoto wangali wadogo. Udongo uwahi ungali maji.